Gemu za kaseti, PS2 ya mtumba au Raspberry Pi: nichukue ipi?

Mzee_wa_Kaseti (mleta mada)
Habarini wakuu. Shule zinafunga, nataka gemu za zamani zirudi sebuleni. Nimeona njia tatu: mashine ya kaseti kama zile tulizochezea miaka ya tisini, PS2 (PlayStation 2) ya mtumba, au Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, yenye emuleta, yaani programu ya kuigiza mashine za zamani. Jumamosi nashuka Kariakoo. Nichukue ipi?

Kigogo_Mwisho
Mkuu, bajeti? TV ni ya chogo au flati? Anacheza nani, wewe au watoto? Umeomba viatu bila kutaja saizi.

binti_wa_Upanga
PS2, funga mjadala. Ilitoka mwaka 2000 na ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kwa hiyo spea na mafundi wa lenzi bado wapo. Na inasoma diski za PS1 pia. Usilipe kabla haijawashwa mbele yako. Nenda na diski yako, iache icheze dakika kumi, sogeza sikio. Ukisikia inakwaruza na picha inakwamakwama, lenzi imechoka, rudisha kwa muuzaji. Uliza na memori kadi, bila hiyo kila siku mnaanza upya.

Fundi_Chogo
Dada, PS2 sio anachokitafuta huyu. Anachokikumbuka ni Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983. Tulizochezea huku zilikuwa nakala zake. Huku Bara TV yenyewe tumeizoea baada ya ITV kuanza 1994, ndiyo maana wengi wetu kumbukumbu zinaanzia hapo. Mleta mada, chukua ya kaseti, ila tafuta na chogo. Kama unawaza ile bunduki ya kuwinda bata, kwenye flati isahau. Ukivuta kifyatulio, skrini inageuka nyeusi kufumba na kufumbua, kisha alipo bata panatokea kiboksi cheupe, na bunduki inaangalia kama imeona mwanga. Chogo linachora mstari kwa mstari papo hapo. Flati inachelewa kidogo, bunduki inakuta giza, bata anapaa na yule mbwa anakucheka.

mama_Tabata
Naomba niseme kuhusu vile vijiti vya HDMI, vya kuchomeka nyuma ya TV vikiwa na gemu ndani, maana kuna mtu lazima atavitaja. Mwaka jana nilinunua kimoja kwa muuzaji wa mtandaoni, kimeandikwa gemu elfu kumi, pedi mbili zisizo na waya. Wanangu walifurahi sana siku ya kwanza. Siku ya pili mkubwa akaanza kuhesabu: Mario yuleyule kabadilishwa jina, hapa anaanzia hatua ya tatu, pale kavaa nguo ya kijani, basi inahesabiwa gemu nyingine. Pedi nazo zilichelewa, unabonyeza kuruka, jamaa anaruka akishatumbukia shimoni. Halafu umeme ukakatika katikati ya mchezo. Uliporudi, kijiti kinawaka taa nyekundu tu, skrini nyeusi. Fundi akafungua, akasema memori kadi ya ndani imekufa na gemu zote zilikuwa humo. Nikampigia muuzaji, akaniambia umeme sio kosa lake, kisha akaacha kupokea simu. Mwanangu mdogo alilia. Chochote mtakachonunua, wekeni kopi ya kadi pembeni na msizime kwa kuchomoa.

Kigogo_Mwisho
Pole sana dada. Hiyo ya kopi inamhusu na mtu wa Raspberry Pi, nayo inategemea kadi.

Mzee_wa_Kaseti
Asanteni. Flati inchi 32, bajeti laki mbili. Chogo lipo kwa mama Mbagala. Na nilisahau kusema: mpwa wangu ana miaka 13, anataka kutengeneza gemu yake mwenyewe.

kodi_usiku
Hilo ndilo la kuanza nalo mkuu! Kuna laptopu yoyote ya zamani nyumbani? Muanzishie Scratch ya MIT, programu ya kutengeneza gemu kwa kupanga vipande, bure kabisa. Akiizoea mpe TIC-80, programu ya kuandika gemu ndogo za mtindo wa zamani, nayo bure. Ina rangi 16 tu na kiskrini kidogo, kwa makusudi, ili mtoto amalize alichoanza. Akae na Super Mario ya 1985 aichunguze. Gemu nzima ni KB 40, picha moja ya WhatsApp inaweza kuizidi. Mwambie atazame mawingu, kisha vichaka vya chini. Ni mchoro uleule, wamebadili rangi kutoka nyeupe kuwa kijani kwa sababu nafasi haikuwepo. Hapo atajifunza kitu ambacho kununua mashine hakumfundishi.

binti_wa_Upanga
Sawa, lakini mtoto likizo acheze pia jamani.

Temeke_Contra
Contra! Juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, maisha 30. Konami, watengenezaji wa gemu hiyo, waliiweka mbinu hii ya vitufe kwenye Contra kwanza.

Fundi_Chogo
Sio kwanza. Ilianza kwenye gemu yao nyingine, Gradius, 1986. Kazuhisa Hashimoto ndiye aliyeiweka, kwa sababu gemu ilikuwa ngumu kwake mwenyewe wakati wa kuijaribu. Contra ya Nintendo ni 1988.

Temeke_Contra
Mtaani kwetu hatukuhitaji hata kubonyeza, kaseti ilikuja na maisha 30 tayari.

kodi_usiku
Hizo zilikuwa zimebadilishwa na watengeneza nakala. Na mjue, mashine nyingi za PAL, mfumo wa TV tuliotumia huku, zinakwenda picha 50 kwa sekunde, gemu ziliandikwa kwa 60. Muziki wa Mario tuliokulia nao wengi wetu ulikuwa wa taratibu kuliko ule wa Japani.

Temeke_Contra
Ndiyo maana kwenye emuleta naona Mario anakimbia! Inaweza kupunguzwa?

kodi_usiku
Emuleta nyingi zina sehemu ya kuchagua PAL. Badilisha, uwashe tena.

Mzee_wa_Kaseti
Laptopu ipo, chaji tu ndiyo mbovu. Sasa nawaza chaji ya laptopu pamoja na mashine ya kaseti, au niache kaseti nichukue PS2.

binti_wa_Upanga
PS2.

Fundi_Chogo
Kaseti. Na hilo chogo la Mbagala lina tundu za AV au antena tu? Lina inchi ngapi? Kama mama haliangalii tena, mimi nalihitaji.