Wapangaji wanajaa, darasa la kwanza linapungua: mtaa wetu wa Magomeni unakua au unapungua?

Mjumbe wa kamati ya shule, Magomeni

Ndugu zangu, naomba mchango wenu katika jambo linalotutatiza mtaani kwetu. Anayepita Magomeni, hapa Dar es Salaam, alfajiri atasema watu wamefurika: vituo vya mabasi ya mwendokasi vimejaa kabla jua halijachomoza, chumba cha kupanga kikiachwa leo kesho dalali ameshaleta mtu, na mashimo ya vyoo yanajaa haraka kuliko zamani. Hata hivyo, shule yetu ya msingi, ambayo miaka ya nyuma ilisomesha watoto kwa zamu ya asubuhi na mchana, sasa ina chumba kizima kilichogeuzwa stoo ya madawati, na uandikishaji wa darasa la kwanza unashuka mwaka hadi mwaka. Tukiomba fedha za kukarabati vyoo vya wanafunzi tunajibiwa kwamba watoto wetu ni wachache, na kwamba fedha zinakwenda kwenye shule zenye msongamano.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, wakati ile ya mwaka 2012 ilihesabu 4,364,541. Wameongezeka watu zaidi ya milioni 1. Watoto wao wako wapi, na sisi tuijenge vipi hoja yetu?

Mtakwimu mstaafu

Ndugu mjumbe, takwimu zako ni sahihi, ila zinahitaji kusomwa pamoja na za jirani. Kati ya mwaka 2002 na 2012 mkoa wetu ulikua kwa wastani wa asilimia 5.6 kwa mwaka. Katika muongo uliofuata kasi hiyo ilishuka hadi asilimia 2.1, ikawa chini ya wastani wa taifa wa asilimia 3.2, na wapo waliotafsiri kwamba watu wameacha kuja Dar es Salaam. Tafsiri hiyo siikubali hata kidogo, kwa sababu katika muongo huohuo mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani ulikaribia kuongezeka maradufu. Jiji limevuka mpaka wa mkoa, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huwezi kuieleza bila Vikindu, Mapinga na Kibaha, zilizo upande wa Pwani.

Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Fundi cherehani aliyejenga Vikindu na kushinda kibarazani Kariakoo alihesabiwa Mkuranga, wilaya ya Pwani, ingawa maji anayotumia, choo anachoingia na taka anazoacha kwa saa kumi na mbili za kila siku ni za Ilala. Kwa hiyo, wale unaowaona kituoni asubuhi wengine wanapita tu. Wanaolala mtaani kwako kweli ndio unaopaswa kuwatafuta, na hasa umri wao.

Mrithi wa nyumba, Magomeni Mikumi

Naomba nieleze kwa kutumia nyumba ya marehemu baba yetu, maana naona jibu limo humo. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, uani jiko na choo cha shimo. Vyumba viwili vilikuwa vyetu, na kila kimoja cha vile vinne kilikuwa na baba, mama na watoto wao. Usiku watoto wakubwa wa kiume, sisi na wa wapangaji, tulitandika mikeka koridoni, na asubuhi nyumba hiyo moja ilitoa kundi la wanafunzi waliokwenda shule pamoja.

Baba alipofariki mirathi ilichukua muda mrefu, na mwishowe warithi tukakubaliana kuvunja. Mbele tumeweka fremu za maduka, nyuma tumejenga ghorofa moja yenye vyumba vyenye choo ndani. Idadi ya watu wanaolala hapo haijapungua sana, lakini karibu wote ni vijana wa miaka ishirini na kitu: muuza simu, muuguzi, wanafunzi wa chuo. Wanalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengi hawaoni hata haja ya kujitambulisha kwa mjumbe wa shina. Wakioa hukaa mpaka mtoto wa kwanza aanze kutembea, kisha wanahamia pembezoni mwa jiji, Kivule, Goba au Chanika, kwenye kiwanja walichokuwa wanakilipia kidogo kidogo. Inaniuma kusema kwamba wenye nyumba wengine siku hizi humwagiza dalali waziwazi asiwaletee mpangaji mwenye watoto.

Mwalimu, Chanika

Kaka hapo juu ameeleza wanakotoka. Mimi niko wanakofikia. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 hatujawahi kupumua. Shuleni kwangu watoto wa darasa la pili huingia wa asubuhi wakitoka, kiti kikiwa bado kina joto, na wale wa mchana hurudi nyumbani giza likianza kuingia, katika njia ambazo mvua za masika huzigeuza mito. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulitenga maeneo yaliyopimwa kama Buyuni, Toangoma na Bunju, lakini kasi ya watu iliupita upimaji. Watu wananunua vipande vya mashamba, wanajenga, na tunapoanza kuuliza shule itakaa wapi hakuna kipande kilichobaki.

Kwa hiyo, mjumbe, nitakuwa mkweli kwako: fedha za madarasa zije huku, kwa sababu watoto wako huku. Lakini vyoo vyenu ni suala la afya, na mtoto mmoja mwenye choo kibovu anatosha kuwa sababu. Pia kuna watoto wa kwetu wanaosoma mjini, kwa kuwa mama zao wanauza Kariakoo na nyumbani hakuna mtu mpaka usiku. Wanapanda daladala wakiwa na sare, na makondakta huwakataa kwa sababu nauli yao ni ndogo. Je, hao mnawahesabu?

Mjumbe wa kamati ya shule, Magomeni

Nashukuru sana, mwalimu. Tunao wengi wa namna hiyo, na katika maombi yetu hatukuwataja. Mzee mtakwimu, tuanzie wapi?

Mtakwimu mstaafu

Anzieni kwa mtendaji wa mtaa, kwenye daftari la wakazi. Zungukeni na wajumbe wa mashina nyumba hadi nyumba, mwandike umri na jinsia ya kila anayelala hapo na kama amepanga, kwa sababu daftari nyingi za mitaa ya kati bado zina majina ya familia zilizokwisha kuhama. Kisha, kwenye orodha ya shule, ongezeni safu moja ya kata anayotoka kila mwanafunzi. Orodha hizo mbili zipelekeni kwa afisa elimu kata mapema, kabla halmashauri haijafunga makisio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Ombi la vyoo liandikeni peke yake, msilichanganye na madarasa.