Naomba ushauri: familia ya wazazi wanne katika riwaya ya kisayansi

Mwandishi Chipukizi
Habari zenu wanajamvi. Ninaandika riwaya ya kisayansi ambamo mtoto wa miaka 9 analelewa na wazazi wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, katika kituo kinachoizunguka Mirihi. Aliyenisomea mswada anasema wasomaji watapotea wasipoelezwa mapema utaratibu huo ulivyoanza. Nimeongeza maelezo, lakini kila nikiyasoma naona mtoto ametoweka, imebaki katiba ya ukoo. Nifanyeje?

Mama Vitabu
Mdogo wangu, anza na wajibu. Ursula K. Le Guin, katika *The Left Hand of Darkness* (1969), alibuni watu ambao yeyote kati yao aweza kushika mimba, hata mfalme, na aliyezaa watoto kadhaa aweza pia kuwa baba wa wengine. Kinachonigusa mimi ni kwamba, kwa kuwa mzigo wa uzazi waweza kumwangukia yeyote, hakuna aliye huru nao kabisa wala anayeubeba peke yake. Sasa, mtoto wako akishikwa na homa usiku wa manane, nani kati ya wanne hao anaamka, na nani anajifanya amelala? Andika ukurasa huo kwanza.

Mwana wa Mara
Nakubaliana na dada. Kwetu Wakurya, kwa mila ya nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kuoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Penye amani hakuna anayeuliza. Maswali huibuka kwenye urithi, au mke akitaka kuondoka na watoto. Wagombanishe wazazi wako.

Mwandishi Chipukizi
Ahsanteni sana. Basi mmoja atapata kazi duniani na kutaka kumchukua mtoto, na wenzake watatu watapiga kura.

Mama Vitabu
Hapo umepata hadithi, ila gharama ya kura hiyo ionekane kwa mtoto. Katika *Adulthood Rites* (1988) ya Octavia Butler, Akin, mwenye wazazi watano, anatekwa akiwa mchanga, na jamii ya Oankali, viumbe wa anga za mbali ambao baadhi yao ni wazazi wake, inaamua asirudishwe upesi ili awajue wanadamu. Anaporejea, kifungo kati yake na ndugu aliyepaswa kukua naye kimekwisha kuharibika. Je, huyo wako ana ndugu hapo kituoni?