Naomba ushauri: gari la CVT linatetemeka baada ya kupanda Marangu

Wakuu, habari zenu. Nipo Moshi, natumia gari dogo la Kijapani lenye giaboksi ya CVT. Wikiendi nyingi napanda Marangu kumwona mama, na gari likijaa watu na mizigo injini inalia sana huku mwendo ukiongezeka polepole.

Hilo la mlio nalielewa. CVT haina gia za hatua. Ina puli mbili na mkanda wa chuma kati yake. Puli moja ikibana nyingine inaachia, uwiano unabadilika bila kukatika. (Wazo ni la zamani, DAF ya Uholanzi ilitoa gari la mikanda ya mpira mwaka 1958.) Kinachoniumiza kichwa ni mtetemo wakati wa kuondoa gari, hasa giaboksi ikishapata moto.

Fundi mmoja anataka kumwaga oili na kuweka ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia), anadai zote ni sawa. Nimemkatalia. Mkanda ule unashika puli kwa msuguano, na oili ya CVT imetengenezwa kwa kazi hiyo. Mwingine anasema ing'olewe giaboksi nzima iwekwe ya mtumba. Hela yote hiyo kwa kubahatisha?

Waliopitia hili, mtetemo uliisha kwa kubadili oili na filta tu? Na hapa Moshi au Arusha, nani ana kompyuta ya kusoma CVT vizuri, hata joto la oili, kabla sijaruhusu mtu afungue chochote? Mama ananisubiri, na sitaki kukwama mlimani na watoto.