Joto la Ghuba: tuliopo huku tupeane uzoefu

Gadi wa Doha (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Juni imeingia na ndege zinashusha vijana wetu wapya, wengine kutoka Mombasa na Nairobi, wengine Dar na Tanga. Mtu wa Pwani akishuka hapa husema joto nimezaliwa nalo, litanifanya nini? Naomba wenyeji tuandike tuliyoyaona kwa macho yetu, mgeni ayasome kabla hajapangiwa shifti. Naanza mimi.

Nimelinda mageti Doha misimu kadhaa sasa. Niliowaona wakidondoka karibu wote walikuwa wageni. Mwili unalizoea joto, lakini kwa taratibu: jasho linaanza kutoka mapema, chumvi inayopotea inapungua, moyo unaacha kwenda mbio. Hayo yanataka wiki moja hadi mbili. Wataalamu wa usalama kazini wanashauri mgeni afanye sehemu moja ya tano tu ya muda wa kawaida siku ya kwanza, kisha aongezewe kiasi hicho kila siku. Huku kwenye saiti mambo ni kinyume. Mgeni ndiye anayepewa geti la nje, kwa sababu wakongwe wameshalichukua lile lenye kibanda na kiyoyozi. Wakongwe wenzangu, hili lipo mikononi mwetu, halihitaji ruhusa ya bosi. Mpe mgeni kibanda wiki yake ya kwanza.

Sheria nayo ijueni. Tangu 2021, hapa Qatar kazi za juani zinakatazwa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, 1 Juni hadi 15 Septemba. Pia kuna kipimo kinachojumlisha joto, unyevu wa hewa, jua na upepo. Kikizidi 32.1, kazi isimame saa yoyote ile. Namba hiyo si ile 32 unayoiona kwenye simu, kwa hiyo usibishane na fomeni kwa kutumia simu. Malalamiko ya kazi peleka Wizara ya Kazi, dharura ni 999.

Bodaboda Dubai

Asante kaka. Huku Emirates mapumziko ni saa 6 na nusu mchana hadi saa 9 alasiri, 15 Juni hadi 15 Septemba, na mwajiri akikamatwa analipa dirham 5,000 kwa kila mfanyakazi. Sisi wa pikipiki za chakula bado tunaonekana barabarani mchana, kwa sababu watu wanaagiza zaidi wakati huo na sisi tunalipwa kwa oda.

Niwaambie kitu ambacho nyumbani hatukijui. Kule pikipiki ikienda unapata upepo, unapoa. Hapa hewa ikipita joto la ngozi yako, upepo unakuongezea moto, na jasho linakauka hata hulioni, unadhani hujatoka jasho. Mimi nalowesha kitambaa nakifunga shingoni, na kila oda nikishaikabidhi nakunywa maji, kiu iwepo isiwepo. Kuna vibanda vya kupumzikia madereva vyenye kiyoyozi, vitumieni. Ukiona unasoma anwani mara mbili na haikuingii kichwani, simamisha pikipiki hapo hapo. Hiyo ndiyo dalili yangu mimi, huja kabla ya kizunguzungu.

Binti wa Voi

Mimi niko Riyadh, kazi ya nyumbani. Mnaongea habari za saa za kupumzika, lakini sisi wa ndani ya nyumba hatuhesabiwi humo. Watu wanafikiri tuko kwenye AC siku nzima. Jiko la nyumba niliyopo liko nje na halina hata feni. Nguo zinaanikwa juu ya paa. Ua unaoshwa baada ya watoto kwenda shule, jua likiwa limeshapanda.

Nilichofanya, nilimwomba mama mwenye nyumba nioshe ua baada ya sala ya alfajiri badala ya mchana. Sikumwambia nimechoka, nilimwambia maji yanakauka kabla sijapiga brashi na vumbi linabaki. Alikubali siku hiyo hiyo. Dada zangu, ombeni kwa namna hiyo, kila nyumba ina lugha inayoisikia.

Lingine ni maji. Matangi yako juu ya paa, kwa hiyo Julai bomba la baridi linatoa maji ya kuunguza. Zimeni hita ya bafuni msimu wote huu. Maji yaliyolala ndani yake yako kivulini, yanapoa, basi oga kwa bomba la moto. Kabla ya kumwogesha mtoto, jaribu maji kwa mkono kila mara.

Mzee wa Maskati

Wanangu, mimi ni mwenyeji huku, wazazi wetu walirudi kutoka Unguja. Omani mapumziko ni saa 6 na nusu hadi 9 na nusu, Juni mpaka Agosti. Msiogope Juni peke yake. Agosti unyevu wa baharini unapanda, usiku haupoi, na mtu analala na uchovu wa jana. Mtoto asiachwe ndani ya gari hata kama unaingia dukani kununua mkate tu. Mwenye likizo na nafasi aende Salala, kusini mwa Omani, huko msimu wa ukungu na manyunyu huanza mwishoni mwa Juni.

Fundi Rangi

Mimi dawa yangu ni vinywaji vya kuongeza nguvu, viwili asubuhi, nafika jioni bila shida.

Nesi Mswahili

Kaka Fundi, nakusihi uviache. Vinaficha uchovu ambao mwili unautumia kukuonya, na moyo wako tayari unakimbia kwa joto.

Nafanya kazi kliniki, nataja machache. Kunywa kikombe kila dakika 15 au 20, usipite lita moja na nusu kwa saa. Maji matupu mengi mno huku jasho linatoka kutwa yanapunguza chumvi ya damu, na hilo pia linaangusha watu. Kula chakula chenye chumvi, kunywa laban (mtindi mwepesi wa huku), au tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akidegedega, au akizimia huku mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto. Piga simu ya dharura, mtoe juani, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na mpepee, barafu weka shingoni, kwapani na kwenye nyonga. Usisubiri ambulensi ndipo uanze. Usimnyweshe kitu kama hajitambui. Panadol haishushi joto la namna hii.

Mgeni wa Juni

Shikamooni. Nimefika wiki hii, niko saiti nje ya Doha. Tangu jana kichwa kinauma, mapaja yanauma kama nimepigwa, na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Fomeni anasema nitazoea.

Nesi Mswahili

Marahaba mdogo wangu. Usirudi kazini. Mkojo wa rangi hiyo pamoja na misuli kuuma si kiu tu. Huenda misuli inavunjika na figo zinaelemewa. Nenda hospitali sasa hivi, sio kesho.

Gadi wa Doha

Dogo, nitumie mahali ulipo, nimetoka shifti. Beba pasipoti au picha yake kama kitambulisho hakijatoka. Nakuja na teksi.

Mgeni wa Juni

Nimewekewa dripu mbili na nimepimwa damu. Daktari amesema figo ziko salama, ila nisifanye kazi ya nje mpaka nirudi kupimwa tena. Amenipa karatasi. Kaka Gadi bado yuko nami.

Binti wa Voi

Alhamdulillahi. Hiyo karatasi ipige picha kabla hujampa fomeni.

Bodaboda Dubai

Na umtumie mtu wa nyumbani nakala. Wengine endeleeni kuandika, hasa mlioko Kuwait. Nasikia kwenu ni saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni, tuambieni inafuatwa vipi.