Kwa nini chama kimoja humng'ang'ania kiongozi, kingine humtema?

Wakuu, kuna jambo linanikera. Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, alishinda chaguzi kuu tatu, halafu mwaka 1990 wabunge wake wenyewe wakamng'oa. Corbyn, kiongozi wa chama cha Labour huko huko Uingereza, mwaka 2016 alipigiwa na wabunge wake kura ya kutokuwa na imani, 172 kwa 40, akabaki. Siasa gani hii?

Jibu la 1
Mkuu, tazama nani ameshika kura. Thatcher alihukumiwa na wabunge peke yao. Alipata 204, mpinzani wake Heseltine 152, na bado hazikutosha: kanuni ilitaka pengo kubwa zaidi, akapungukiwa kura nne. Mbunge huogopa kupoteza kiti, na ile kodi ya kichwa ilikuwa imewachoma majimboni. Corbyn yeye alikwenda kwa wanachama, na Septemba wakamrudisha kwa takriban asilimia 62. Mwanachama wa kawaida ana kiti gani cha kupoteza?

Jibu la 2
Kanuni tu? Mbeki, rais wa Afrika Kusini, alibwagwa na Zuma kwenye uchaguzi wa kiongozi wa chama chao, ANC, kule Polokwane mwaka 2007, na Septemba 2008 ANC ikamwambia aachie urais. Pale ni makundi, mkuu.

Muulizaji
Sawa, lakini makundi yapo kila chama.

Jibu la 1
Yapo, ila gharama ya kumng'oa mtu hutofautiana. Chama cha Labor cha Australia mwaka 2013 kiliweka sharti: waziri mkuu aliye madarakani haguswi mpaka asilimia 75 ya wabunge na maseneta wake watie saini. Aliyeisukuma kanuni hiyo ni Rudd, waziri mkuu wa wakati huo, ambaye 2010 wabunge wa chama chake walimng'oa kati ya jioni na asubuhi. Aliyeumwa na nyoka, bwana.