Kiasi ni fadhila, au ni jina zuri la woga?

Mleta mada: Heshima kwenu wakuu. Kwenye hekalu la Apollo kule Delphi Wagiriki wa kale walichonga onyo: "Usizidishe kitu." Baadaye mwanafalsafa Aristotle akalijengea hoja: ushujaa uko kati ya woga na ujasiri wa kijinga, ukarimu kati ya uchoyo na ubadhirifu. Mimi naona hoja hiyo imegeuka maficho. Mtu anaulizwa msimamo wake juu ya dhuluma anayoiona kwa macho, anajibu "tuwe na kiasi", na watu wanamsifu kwa hekima. Huyo ni popo tu, si ndege, si mnyama.

Mchangiaji wa kwanza: Mimi kiasi nakijua kwenye chumvi. Nakaa hapa nasoma.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, unachanganya kiasi na wastani. Aristotle alitoa mfano wa chakula: mina 10 zikiwa nyingi na 2 zikiwa chache (mina moja ni kama gramu 430), wastani ni 6. Lakini mwalimu wa mieleka hampakulii kila mtu 6. Kwa bingwa Milo hiyo ni njaa, kwa anayeanza mazoezi ni kuvimbiwa. Hasira nayo ni hivyo hivyo: asiyekasirika panapostahili, alimwona mpumbavu. Na wizi, uzinzi na uuaji alivitoa kabisa kwenye mizani. Hakuna kuiba kwa kiasi.

Mleta mada: Sawa, nani anashika mizani? Anasema mwenye busara. Lakini mwenye busara huyo huyo aliandika kwamba wako watu ambao ni watumwa kwa maumbile yao. Mizani ya namna hiyo mimi sipimii hata sukari.

Mchangiaji wa tatu: Hapo kwenye utumwa simtetei. Ila muache Aristotle, mtazame Solon, mtunga sheria wa Athens, mwaka 594 KK. Mjini humo matajiri na maskini walikuwa wanakaribia kuuana, wenye madeni wanauzwa utumwani. Solon akafuta madeni, akapiga marufuku mkopo ambao dhamana yake ni mwili wa mtu, lakini ardhi akakataa kuigawa upya. Pande zote mbili zikamnunia. Na ndiye anayetajwa kutunga sheria kwamba mji ukigawanyika, asiyeshika upande wowote avuliwe haki za uraia. Wapo wataalamu wanaoitilia shaka sheria hiyo, lakini ona inawekwa mdomoni mwa nani: mtu wa kiasi, anawaadhibu popo wako.

Mleta mada: Hiyo sikuijua, nimekubali. Na yeye Solon alishika upande gani?

Mchangiaji wa tatu: Kwenye shairi lake anasema alisimama na ngao akiwakinga wote wawili, asiruhusu yeyote ashinde kwa dhuluma.

Mleta mada: Basi wa kwanza kuvuliwa uraia alikuwa awe yeye.