Mrejesho: nzi walioanguka kisha wakaamka

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini nzi wa banda langu la kuku hapa Ruai wanaanguka nikipuliza dawa, halafu baada ya saa moja wanaruka tena. Nilidhani nimeuziwa dawa feki.

Dada aliyenijibu kwamba huo ni usugu, asante sana. Dawa za jamii ya pareto, kama hiyo yangu, hushika neva upesi, nzi anapinduka miguu juu. Lakini nzi sugu ana vimeng'enya vya kuivunja sumu, basi anaamka. Kwa kupuliza ileile kila wiki nilikuwa naua dhaifu na kuwaachia sugu wazaliane. Hata DDT, ile dawa ya zamani ya kuua wadudu, ilianza kushindwa na nzi miaka ya 1940, muda mfupi tu baada ya kuanza kutumika.

Afisa wa mifugo alinielekeza kwenye dawa iitwayo siromazini, ya kunyunyizia samadi. Hii haiui nzi mzima. Funza wa nzi, yule mtoto wake anayekulia kwenye samadi, ndiye anayeshindwa kujivua ngozi, anafia humohumo. Siku kumi za kwanza niliumia moyo kweli, nzi walikuwa walewale, nikakaribia kurudia kupuliza. Tafadhali msifanye hivyo! Wakubwa walikuwa wanamalizia siku zao, na warithi hawakuwepo. Wiki ya tatu nilianza kuokota mayai yasiyo na madoa ya nzi.

Samadi sasa naitoa mara mbili kwa wiki, na mfereji uliokuwa unavuja nimeutengeneza. Unyevu ule ulikuwa unawalea.